Ng'ombe Aliyeingia Kambini

Miongoni mwa wanamgambo wetu wa Roxbury, tulipokuwa tumewazingira Waingereza mjini Boston mwanzoni mwa vita vya uhuru wa Marekani, alikuwamo mkulima mmoja ambaye vidole vyake havikujua kutulia. Nilipowahubiria, mimi mchungaji wao, vilijikunja na kujikunjua magotini pake, kimoja baada ya kingine, kama vya mtu anayekamua. Bunduki aliishika kwa adabu, mithili ya mtu aliyepewa mtoto wa jirani ampakate. Nyumbani alikuwa ameacha mke na mabinti watatu, mdogo wao Azuba, na kila alfajiri alielekeza uso magharibi, akanong'ona, "Sasa Mama Kezia anawasha moto."

Asubuhi moja ng'ombe asiyejulikana mwenyewe aliingia kambini, kiwele kimemjaa hata kutembea kwamtaabisha. "Nyama hiyo!" alipaza sauti Jabezi, mpishi wetu, akichomoa kisu. "Leo maharagwe kwaheri!" Yule mkulima alipiga goti, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa mnyama, akakamua taratibu huku akiimba zaburi kwa sauti ya chini. Kisha akapanga vikombe vinne vya bati juu ya gogo, akavijaza. Jabezi akanyoosha mkono.

"Acha hicho, cha Azuba," alisema mkulima bila kugeuka.

"Azuba gani, bwana wee? Hapa sote tuna ndevu!"

Watu wakaangua kicheko. Mkulima akavitazama vikombe, akatutazama sisi, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Kicheko kikakatika.

"Haya, ndugu yangu," alisema Jabezi polepole, "tumwekee." Akavua kofia yake, akakifunika kikombe kile, nzi wasiingie.