Pua ya Ngige

Pua ya Ngige ilikuwa mali ya Wamboi, na asikudanganye mtu. Miaka kumi na moja ya ndoa, kila mahindi yakikauka huku Endebess, yeye ndiye aliyeiuguza. Ngige alikuwa fundi wa mashine ya kupukuchua mahindi ya mzee Ndung'u, ile inayovutwa na trekta, na vumbi la magunzi lilikuwa adui yake. Alirudi jioni macho mekundu, anapiga chafya mpaka mbwa anahama uani. Wamboi angemkalisha kwenye kigoda, amfunike blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, kisha amchemshie tangawizi. Chafya hazikuisha. Lakini Ngige alikuwa akisema kila mwaka kwamba bila mkewe, mama Nyambu, angekuwa amezikwa zamani, na maneno hayo yalimshibisha Wamboi kuliko chakula.

Halafu akatokea Mulki.

Msimu huu Ngige alienda Kitale kutafuta mkanda wa mashine, chafya zikamshika mbele ya kemisti moja karibu na msikiti, akaingia. Alirudi na bahasha ndogo ya kaki, vidonge vyeupe ndani, na maneno mengi mdomoni. Ati Mulki amesema hii si homa, ni mwili unakataa vumbi. Ati Mulki amemuuliza kama ana presha, kama kuna dawa nyingine anameza, kama anakunywa pombe. Mulki amesema ameze kimoja tu kwa siku, jioni, na asiguse mashine kabla hajajua kama kinamletea usingizi. Mulki amesema afunge kitambaa puani akiwa kazini. Mulki hivi, Mulki vile. Siku ya nne, chafya kwisha. Kazi iliyomshinda Wamboi miaka kumi na moja, msichana wa watu aliimaliza kwa siku nne, tena akiwa ameketi nyuma ya kaunta.

Kuna mwanamke angemshukuru Mungu. Wamboi alifura. Alimwona mumewe akitazama saa jioni, akimeza kidonge chake kwa adabu, bila hata kumwomba maji. Sufuria ya mkaratusi ilikaa chini ya meza mpaka kuku akataga ndani. Na Ngige akilala, anapumua vizuri kama mtoto, Wamboi alikaa macho akimsikiliza, roho inamuuma. Mume ni wake, lakini pumzi sasa inatoka kwa mwingine.

Akajipa safari ya Kitale. Hakuingia kemisti, alisimama ng'ambo ya barabara, karibu na wauza viazi, akamkagua huyo Mulki. Alikuwa mrefu, mtandio wa zambarau, anaongea polepole na wateja wanamwinamia wamsikie. Watatu walikuwa wanaume. Angalau angekuwa na sura mbaya, Wamboi angejaribu kumsamehe. Alirudi nyumbani bila hata kununua chumvi.

Vidonge vyeupe vilikwisha wiki ambayo mashine ilikuwa inaenda Bungoma, kwa mkulima wa Kabuchai aitwaye Makokha. Ngige, kwa ujinga wa wanaume, akamwambia mkewe apitie kwa Mulki amchukulie vingine. Alimpa na ile bahasha, yenye namba ya simu ya kemisti juu yake. Wamboi aliipokea kama anayepokea tusi.

Sasa, watu wa pale kwao wana mtindo wao. Karibu kila nyumba ina vidonge vidogo vya manjano, vimekatwa kwa makasi kutoka kwa karatasi kubwa ya dukani, vinakaa ndani ya mkebe wa majani chai. Ni vya mafua, vya kujikuna, vya mtoto aliyeumwa na nyuki. Vinaombwa juu ya ua kama chumvi: ukipewa viwili leo, kesho unarudisha viwili. Maandishi ya maagizo yalibaki dukani siku nyingi, na hakuna anayeyauliza. Wamboi hakwenda Kitale. Alienda kwa jirani yake Gathoni, akaomba kumi.

Gathoni alimpa, lakini akamwonya kwamba hivyo vinalaza mtu. Yeye mwenyewe alimeza kimoja Jumapili, akasinzia mpaka wahubiri wawili wakapita. Wamboi aliitikia tu. Sikio lilisikia, ila wivu haukutaka kusikia. Hesabu yake ilikuwa imeshakamilika kichwani: pua ikipona kwa hivi vya manjano, baada ya mavuno atamwambia Ngige ukweli, aone ni nani aliyemponya. Akavitia ndani ya bahasha ya Mulki.

Alimwambia mumewe kwamba vyeupe vimeisha kemisti, Mulki amempa hivi, nguvu ni ileile. Ameze viwili asubuhi na viwili saa nne. Ngige aliuliza mbona asubuhi, na mbona viwili. Wamboi akasema ndivyo Mulki alivyoagiza. Ngige akaridhika mara moja, na kule kuridhika kwake kwa kusikia jina hilo ndiko kulikomkata Wamboi maini zaidi.

Siku ya pili huko Kabuchai, kabla ya saa sita mchana, Ngige alikuwa juu ya jukwaa la mashine akiilisha magunia ya mahindi. Makokha alisema baadaye kwamba alimwona mara mbili kidevu kikiwa kifuani, akadhani anaomba. Mara ya tatu mwili uliinama mbele, mkono wa koti ukatangulia. Makokha alikimbia kuzima trekta. Mkono ulibaki, ila vidole viwili vilikuwa vimesagika.

Wamboi alifika hospitali moja ya Bungoma alasiri, akakuta Ngige amefungwa bandeji, macho yanajifunga yenyewe. Daktari alitaka kumpeleka chumba cha upasuaji, lakini usingizi ule ulimtia shaka. Ni kichwa kilichogongwa, au ni kitu alichomeza? Hakuweza kumlaza kwa dawa nyingine bila kujua. Nesi alikuwa ameipata ile bahasha mfukoni. Mzee Ndung'u, aliyekuja na gari lake, alikuwa amesimama mlangoni akiapa kwamba huyo msichana wa dawa atalala polisi leo na kemisti itafungwa.

Na hapo, jamani, Wamboi alionja utamu. Hakuhitaji kufanya lolote. Kunyamaza tu kungetosha. Mulki angeondoka Kitale na pua ingerudi nyumbani.

Nesi akapiga namba ya bahasha, akaiweka simu sauti ya juu. Mulki alijibu. Aliposomewa jina la Ngige aliomba lirudiwe.

"Samahani, sista, jina silikumbuki," akasema. "Ni nani huyo? Anasumbuliwa na nini?"

Nesi akaeleza mashine, vumbi, chafya, na vidonge vya manjano vilivyobaki ndani ya bahasha. Mulki akafungua daftari lake, wakasikia kurasa zikigeuka. Akasema alimpa vyeupe, kimoja jioni, mara moja tu, na mtu huyo hakurudi tena. Vya manjano si yeye aliyempa. Nesi akatazama bahasha, Ndung'u akafoka kwamba anadanganya, na Ngige, ulimi mzito, akajikaza kusema kwamba mke wake ndiye aliyetumwa.

Wamboi alihisi aibu inampanda toka miguuni. Majuma yote hayo alikuwa akigombania mwanaume na mtu asiyejua hata jina lake.

"Ni mimi," akasema. "Nilivitoa kwa jirani. Mulki sikumwona."

Kisha sauti ya Mulki ikatoka kwenye simu, ya polepole ileile, haina hasira wala lawama. "Mama, amemeza vingapi leo? Na saa ngapi?"

"Nilimwambia viwili saa kumi na mbili asubuhi. Viwili saa nne."

Daktari akaandika, akauliza kama kulikuwa na pombe au dawa nyingine, akaambiwa hapana. Akaagiza mtu wa dawa ya usingizi aitwe, ajulishwe yote kabla ya kumgusa mgonjwa. Ndung'u akatoka nje bila kumtazama Wamboi.

Usiku, baada ya upasuaji, nesi alileta kidonge cha maumivu na kikombe cha maji. Wamboi, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, akanyoosha mkono apokee amnyweshe mumewe.

Ngige alifungua macho. "Hapana, sista," akasema. "Nipe wewe."