Kopo la Kichakani Palma

Miaka ile gesi ilipogunduliwa, wageni walijaa mji wetu wa Palma, na mume wangu akapata kazi ya kuwaendesha. Mgeni mmoja alipoondoka alimwachia telemóvel, simu yake ya zamani ya mkononi, pamoja na mchezo wa kwao: mtu anaficha kopo porini, wengine wanalitafuta kwa kuongozwa na setilaiti, wakilipata wanaandika jina, kisha wanalirudisha palepale.

Kopo moja lilikuwa kwenye kichaka cha nyuma ya nyumba zetu. Tulikwenda huko kukata kuni na ukindu, na wengine kwa haja nisizopenda kuzitaja. Kwenye telemóvel kiliitwa bustani ya mapumziko. Nilifurahi kujua kwamba miaka yote ile, na mzigo wa kuni kichwani, nilikuwa napumzika.

Jumamosi moja mume wangu, mtu asiyeweza kuiona chumvi jikoni kwake mwenyewe, alinichukua tukalitafute kopo. Nikamwonyesha njia.

"Setilaiti inaona vizuri kuliko wewe," alisema.

Kwa kuwa sijawahi kufika angani, nilimfuata. Setilaiti ikatupitisha kwenye miiba, ikatuzungusha kichuguu kilekile, mwishowe ikamwingiza mume wangu kwenye upupu. Alijikuna kama mpiga gitaa, lakini telemóvel hakuiachia.

Kopo tulilikuta kwenye mizizi ya mkwaju. Ndani mlikuwa na kifungo, sarafu ya kigeni na kidoli cha plastiki.

"Tunachukua?" nikamuuliza.

"Ukichukua kitu, unaacha kitu. Ndiyo sheria."

"Sasa tumefuata nini?"

"Tumelipata," alisema, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuiona hata siku ya harusi yetu.

Tulipotoka, mimi na majani kichwani, yeye akijikuna, tulikutana na jirani yetu. Alitusalimia kwa upole uliozidi. Ndoa yetu ilikuwa na miaka kadhaa bila mtoto, na mama huyo alituhurumia kwa bidii katika kila nyumba aliyoingia. Kabla jua halijazama, mtaa mzima ulijua tumekwenda kuzika dawa.

Mama mkwe akaja kutoka Olumbi, kuku kwapani. Akafunga mlango.

"Mwanangu, nani kawapa dawa?"

"Si dawa, mama," mume wangu alimjibu. "Ni mchezo. Setilaiti ndiyo inayotuongoza."

"Huyo Setilaiti ni mtu wa wapi?"

Akaelezwa mpaka koo la mwanawe likakauka. Mwishowe akasema tu, "Nipelekeni."

Tukampeleka. Akapiga bismillahi, akafungua kopo, akakitoa kidoli na kukifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Kisha akachomoa pini ya mtandio wake, akaiweka ndani.

"Si mmesema ndiyo sheria?"

Kidoli akanipa mimi. Nilikuwa na neno la kejeli tayari mdomoni, lakini nikakifunga kidoli kwenye pindo la kanga yangu.

Mimba ilipoingia, hakuna aliyetaka tena kusikia habari za mchezo. Wanawake wakaja mmoja mmoja kuomba moto, kuomba chumvi, kisha kuuliza kopo liko upande gani. Mume wangu, ambaye hakuwa na mtu wa kucheza naye, aliwaongoza kwa heshima zote mpaka kwenye upupu. Jirani yule alikuja wa mwisho, akasema anamuulizia dada yake.

Kisha maendeleo yakatufikia, yakiwa na umbo la uzio. Kichaka kikazungushiwa waya, pakawekwa bango la Kireno la kukataza watu kuingia, na mlinzi, kijana kutoka kijiji cha Nhica. Mume wangu alimfuata, nami nyuma yake, akamwambia ana kopo lake ndani.

"Kopo la nini, shefe?" mlinzi aliuliza, kama anayezungumza na bosi wake.

Mume wangu akalitazama tumbo langu, likiwa limeshakuwa kubwa.

"La mchezo tu," alisema.

Mlinzi akatuonyesha kwa adabu njia ya kurudi kwetu, kana kwamba sisi ndio wageni. Tulipopita sokoni, mume wangu alinishika mkono mchana kweupe, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikamwacha anishike.