Makofi Niliyoshindwa Kupiga

Miaka sita sasa vidole vyangu vinaamka saa nne asubuhi. Mimi naamka saa kumi na moja, vyenyewe saa nne. Katikati hapo siwezi kufungua chupa ya chai wala kufunga kifungo cha sare ya mwanangu, na baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita ndiyo usiseme. Watu wakisikia baridi yabisi wanacheka: "Aa, hiyo si ya vikongwe? Jichue na mafuta ya moto." Mafuta! Daktari wa Mbeya alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu imenigeuka, inavila viungo vyangu, na haiishii kwenye viungo. Macho yamekauka, yanakwaruza kama yametiwa mchanga. Damu iko chini. Nikipanda kilima kidogo tu kifua kinabana. Uso umevimba kwa dawa, halafu mtu ananiambia nimenawiri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini hasira yangu si ya ugonjwa. Ugonjwa hauna adabu, haukufundwa na mtu. Hasira yangu ni ya kikao.

Kwetu Ufipa mkwe hasalimiwi kwa mdomo mtupu. Mwanamke unapiga magoti, unakutanisha viganja, unapiga makofi taratibu mpaka mzee aitikie. Nimelelewa hivyo, na nilipoolewa nilipiga makofi hayo mpaka wakwe zangu wakanisifia. Ugonjwa ulipoanza nilijikaza. Nilimeza vidonge vya maumivu kabla ya kutoka nyumbani Kizwite, hapa mjini, ili nikifika kijijini kwao magoti yakunjike. Vidonge hivyo vikanichimba tumbo, nikatapika damu, daktari akavipiga marufuku. Basi nikawa nasimama mlangoni, nainamisha kichwa, nasema shikamoo baba, shikamoo mama. Nilidhani wanajua. Mume wangu ndiye aliyenipeleka Mbeya, ndiye aliyeshika karatasi za majibu. Tulikubaliana atawaeleza wazazi wake, maana maradhi ya mke huyasema mume kwao. Aliniambia ameshasema.

Mwaka huu, baada ya kuvuna maharage, tukaitwa. Nikajua ni mambo ya shamba. Kumbe nimeitwa mimi. Sebuleni amekaa baba mkwe, mama mkwe, na wifi yangu mkubwa. Mume wangu yuko pembeni yangu, anaangalia viatu vyake. Wifi ndiye aliyefungua: miaka miwili nawasalimia wazazi wao nimesimama kama bwana shamba aliyekuja kukagua mahindi. Nimepata kiburi cha mjini. Ukoo umeamua nitoe jogoo, nipige magoti, nipige makofi, niombe radhi. Nikikataa, nirudishwe kwetu nikafundwe upya.

"Wifi," nikamwambia, "hivi vidole hivi huvioni?"

"Naviona. Vimenenepa kwa kukosa kazi."

Nyoo! Mimi ninayesukuma mlango kwa bega, ninayebeba ndoo kwa kiwiko! Nikamgeukia mume wangu. "Baba watoto, waambie." Akakohoa. Nikarudia. Akasema, "Tuyamalize tu, mama watoto. Piga kidogo, yaishe."

Mama mkwe alidhani ananisaidia. Akainuka, akanishika mikono yote miwili, akavikandamiza viganja vikutane. Nilipiga yowe mpaka kuku wakatawanyika uani. Akaniachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akavitazama vidole kwa karibu, kimoja kimoja, machozi yakamlenga.

"Mwanangu, una nini?"

"Baridi yabisi, mama. Miaka sita. Mwanao hakuwaambia?"

Baba mkwe akamuuliza mwanawe, wewe ulituambia nini? Naye akajibu, bila hata aibu ya kutosha, kwamba aliwaambia mkewe ndivyo alivyo, wamvumilie. "Mke mwenye kiburi mngemsema tu," akasema. "Mke mgonjwa mngeniambia nimrudishe kwao, nioe mwingine. Nilikuwa namlinda."

Kunilinda, jamani! Miaka miwili naingia misibani kwao, wanawake wananyamaza nikikaribia jikoni. Ameolewa binti wa wifi, mimi nimesikia kwa majirani. Nikawa najiuliza nimewakosea nini watu hawa, kumbe jibu nalala nalo kitanda kimoja.

"Ulikuwa unajilinda wewe," nikamwambia mbele yao wote. "Uliona heri watu wakujue una mke asiye na adabu kuliko mke asiye na mikono."

Baba mkwe akagonga fimbo sakafuni. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Aliyetudharau hapa ni wewe. Jogoo utatoa wewe. Piga magoti."

Akapiga. Mikono yake ni mizima, makofi yakalia vizuri, moja baada ya jingine. Akamwomba radhi baba yake. Akamwomba mama yake. Hata dada yake akamwomba. Kisha akainuka, akapangusa suruali magotini, akaniuliza kama niko tayari tuondoke.