Siku Niliyosimama Nyuma ya Mwenyekiti

Nilikasirika likizo ya Juni na mpaka leo shule imefunguliwa bado nimekasirika. Wenzangu wa bweni wanadhani nimenunia ugali wenye wadudu. Sijawaambia kitu. Mimi si msemaji. Hata mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, moyo unanidunda mpaka mwingine anajibu, kisha nakaa nimelishika jibu langu kama mtu aliyechelewa pantoni. Ndiyo maana naandika, huku nyuma kabisa ya kauntabuku ya Jiografia, mahali ambapo hakuna anayefika.

Kwetu ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Giza likiingia unaiona Mwanza inavyowaka kule juu ya mawe yake, mpaka unaona kama wanakukejeli. Sisi nguzo za serikali hazikutufikia, kwa hiyo watu wa senta walichangishana wakaanzisha ushirika wa umeme wakanunua jenereta moja. Likinguruma, maduka yanawaka, mashine ya kusaga inasaga na zahanati inapata taa. Lisiponguruma, ndiyo basi.

Masika iliyopita halikunguruma. Pantoni iliharibika, mapipa ya dizeli yakakaa upande wa mjini, na mama yangu, ambaye ndiye nesi mkunga wa zahanati, akazalisha wanawake kwa taa ya chemli. Mmoja alitoka damu nyingi. Mama aliniambia alikuwa anaitafuta damu inakotoka kwa vidole, kwa sababu chemli ilimwonyesha kivuli cha mikono yake mwenyewe tu. Yule mama alipona, lakini mama yangu hakupona. Kila akinawa mikono alikuwa anaiangalia sana.

Na siku zote hizo, kitu kimoja mle ndani kilikuwa kinafanya kazi: friji la chanjo. Lina paneli yake ya umeme wa jua juu ya bati, lilikuja na watu wa chanjo. Halikuuliza pantoni iko wapi.

Mama alianzia hapo. Ushirika ulikuwa unajiandaa kununua jenereta la pili. Yeye akasema hapana, tununue paneli na betri, tuanze na zahanati, halafu shule, halafu maduka. Wakamwambia hayo huamuliwa na bodi. Akasema sawa, basi nagombea uenyekiti wa bodi.

Mwenyekiti aliyekuwepo ni mzee mmoja mnene, mcheshi, anayependwa. Ndiye pia anayeleta dizeli. Tangu biashara iwe huria ni yeye tu mwenye mapipa, na hakuna aliyeona ubaya wowote mtu mmoja kuuza dizeli na kuongoza ushirika unaonunua dizeli. Babu yangu mzaa baba, ambaye ni marehemu, alichunga naye ng'ombe utotoni. Kwa hiyo yule mzee ni babu yangu kwa heshima, na utani wa babu na mjukuu aliurithi. Tangu nikiwa mdogo nikimwamkia, "Shikamoo babu," anajibu, "Marahaba mke wangu, leo umenipikia nini?" Watu wanacheka, mimi naangalia miguu yangu. Nilikuwa naona ni upendo.

Sasa nieleze kura zetu zinavyopigwa, maana hapo ndipo nilipoharibu. Mwaka huu nchi nzima inafundishwa vyama vingi, redio kutwa inaimba kura ya siri, sanduku, karatasi. Ushirika wetu hauna sanduku. Wagombea wanakalishwa kwenye viti vilivyogeuziwa ziwani, mgongo kwa watu, na wanachama wanajipanga foleni nyuma ya wanayemtaka. Mgombea akigeuza shingo, amejitoa. Wazee wanasema ndiyo haki yenyewe, kwa kuwa mgombea hajui nani kamkataa. Katibu akishahesabu, wagombea wanasimama, wanageuka, na kila mmoja anawashukuru waliokuwa nyuma yake. Hiyo siri inaishia hapo.

Kila kaya ina kadi moja na mgombea hajipigii mwenyewe. Baba anafanya kazi ya kupasua sangara kiwandani mjini na hakupewa ruhusa. Kadi ya nyumba yetu ikabaki kwangu.

Asubuhi ile mama alinifunga kitambaa vizuri, jambo ambalo hajalifanya tangu niko la tano. Akasema, "Mwanangu, watu wengi wananiunga mkono, lakini wanaogopa kuwa wa kwanza. Mzee anawauzia, anawakopesha, anawazika. Wewe usingoje mtu. Katibu akisema tu 'jipangeni', nenda ukasimame nyuma yangu. Wakishaona kuna mtu, watakuja."

"Sawa mama."

"Usiongee. Nimesema usimame tu. Kusimama utaweza?"

"Nitaweza."

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule ya msingi. Mama akaeleza mambo ya paneli, akaeleza vizuri, taratibu kama anavyoeleza uji wa mtoto. Mwenyekiti akamwuliza, "Nesi, jua likizama utawasha nini? Mwezi?"

Watu wakacheka.

"Betri zinatunza, mzee."

"Betri! Kama za redio! Basi tutakuwa tunazianika juani na dagaa!"

Wakacheka zaidi. Mama akangoja kicheko kiishe, akasema, "Jua halipandi pantoni." Hapo wanawake wa upande wa mashine ya kusaga wakaguna ile ya kukubali. Niliwaona. Walikuwa wengi, kila mmoja na kadi yake mkononi.

Wagombea wakakaa, wakageukia ziwani. Katibu akasema, "Jipangeni."

Hakuna aliyetikisika. Nikasimama. Naapa nilisimama, nikapiga hatua kama nne kuelekea kiti cha mama. Uwanja mzima ulikuwa unaniangalia, na mimi nikiangaliwa hivyo masikio yanaziba.

Ndipo yule mzee, bila kugeuka, akiwa amelitazama ziwa, akapaza sauti: "Nasikia viatu vya shule! Huyo si mke wangu huyo? Mke wangu, leo utasimama nyuma ya mumeo au utaniaibisha mbele za watu?"

Uwanja ukalipuka. "Nenda kwa bwana yako!" "Mahari alishatoa!" Katibu, mtu mzima anayetakiwa asiwe na upande, akanisukuma begani huku anacheka: "Nenda bwana, usimkatae mzee hadharani. Utani tu huo."

Nikaenda.

Nimejaribu kuandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, nimeshindwa. Hakuna aliyenibeba. Nilikuwa nataka kicheko kiishe, na njia fupi ya kukimaliza ilikuwa ile. Nikasimama nyuma ya lile koti lake, wa kwanza, kadi ya nyumba yetu mkononi.

Mwanamke mmoja wa upande wa mashine akasema, sikumtafuta ni nani: "He! Hata binti yake hamtaki. Kuna jambo analijua." Na wakaanza kuja. Si wote. Lakini wale walioguna niliwaona wanapita kiti cha mama wanakuja nyuma yangu, mmoja mmoja, mpaka foleni ikafika kwenye goli. Nyuma ya mama walisimama wachache, na wa mbele kabisa alikuwa yule aliyetoka damu, mtoto mgongoni.

Katibu akahesabu. Wakasimama, wakageuka. Mwenyekiti akafungua mikono, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja sana!" Mama akawashukuru wake, kila mmoja kwa mkono. Halafu akainua macho kunitafuta, akaanza na mwisho wa foleni yake, akidhani pengine nimechelewa. Akanikuta nilipo.

Hakuniuliza chochote siku ile. Laiti angenipiga.

Siku tano baadaye mzee aliandaa sherehe ya ushindi, na siku hiyo hiyo dizeli ikaisha, pantoni tena. Mchana, nikiwa zahanati namsaidia mama kukunja shuka, katibu akaingia na kreti mbili za soda kwenye baiskeli. "Nesi, mzee anaomba uzihifadhi humo kwenye friji lako la jua. Zipoe kidogo tu. Wageni wanakuja."

Nikayaona yote mara moja: mikono ya mama chini ya chemli, betri za kuanika na dagaa, bega langu lililosukumwa. Mama alikuwa anafungua kinywa. Nikamtangulia.

"Mwambie babu," nikasema, na sauti ilitoka kubwa mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakageuka, "mwambie mke wake amekataa. Mwambie azianike juani."

Benchi zima likacheka. Katibu akatafuta pa kutazama, akageuza baiskeli, chupa zikigongana mpaka barabarani.

Mimi nilikuwa nimefurahi, nikamgeukia mama nikitaka acheke na yeye. Hakucheka. Alichukua ncha mbili za shuka, akanipa mimi nyingine mbili, tukalivuta likanyooka.

"Hayo maneno, mwanangu," akasema, "yalikuwa na siku yake."

Tukaendelea kukunja.