Mpishi na Mtoto wa Kifalme

Mpishi wa hospitali yetu hapa Birmingham ni Mhispania, vidole vimembabuka kwa mvuke, na mkewe amelazwa katika wodi ninayouguza akingoja kujifungua. Lakini gumzo lake ni mtoto wa kifalme anayetarajiwa kwao. Asubuhi, akinipakulia uji, anataka aitwe Alfonso, jina la wazee. Jioni anajipinga mwenyewe: apewe jina la kisasa, Oscar! Kesho yake amerudi kwa Alfonso. Huyu mtu vipi?

Leo nikamwambia, "Kwetu Nyeri hatuchagui. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba."

Akazima jiko, akaliwasha tena. "Hata kama babu alimfukuza baba nyumbani?"

Nikamuuliza, "Babu huyo anaitwa nani?"

"Alfonso," akasema, akizidi kumimina uji kwenye bakuli lililokwisha kujaa.