Siku Niliyompigia Yowe Mjukuu Wangu

Mwanangu alinituma ziwani nikamrudishe binti yake. Alisema, "Mama, mimi hanisikilizi. Wewe ndiye uliyemlea, wewe hatakukatalia." Alikuwa amemtafutia nafasi kwa fundi cherehani pale Ngara mjini, na fundi alikuwa hasubiri zaidi ya wiki ile. Nikafunga maharage kwenye kiroba, nikachukua mkungu mmoja wa ndizi, nikatoka kijijini kwetu Keza alfajiri.

Mjukuu wangu huyo ana miaka ishirini na miwili. Alikwenda kule kuosha vyombo jikoni. Kambi yenyewe ni ya watu wanaokuja kucheza na upepo. Wanasimama juu ya ubao mrefu wenye mlingoti na tanga, wanalishika tanga kwa mikono yao, na upepo unawakimbiza juu ya maji. Wengine hawana hata tanga. Wanalala kifudifudi kwenye ubao mtupu wakingoja wimbi liwabebe. Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba watu wazima wanatoka nchi za mbali kuja kufanya hivyo, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kufika si mchezo. Nilipanda gari hadi Biharamulo, nikapata lori la mahindi lililonisogeza mbele, kisha bodaboda. Barabara ikaisha, tukaingia njia ya miguu, njia nayo ikazama kwenye tope. Dereva akasema, "Bibi, shuka, hapa tunasukuma." Nikasukuma, mkungu kichwani. Nilipoinua macho nikaona ziwa. Sisi ni watu wa vilima. Maji makubwa niliyoyajua mimi ni mto Ruvubu, na sifa yake kwetu ni mamba. Haya ya hapa hayakuwa na ng'ambo. Nikasema moyoni, huyu mtoto leo leo namtoa hapa.

Akaja mbio kunipokea. "Shikamoo Bibi!"

"Marahaba. Kusanya nguo zako."

Akacheka. Nilishika mikono yake. Viganja vilikuwa vigumu kuliko vyangu, na mimi nimelima tangu niache shule darasa la tatu. Mabega yalikuwa yamepanuka. Alikuwa mweusi wa kung'aa, amenyooka. Nilimlea akiwa kijiti, anakohoa kila masika.

Akanikalisha jikoni, akaniambia bila kuzunguka. Kila alipomaliza vyombo alikuwa anakwenda majini na ubao, mwaka mzima. Sasa mwalimu wa pale, mwanaume wa Tanga mwenye nywele nyekundu kwa jua, alikuwa tayari kumfanya msaidizi wake wa kufundisha. Lakini lazima ajaribiwe, na siku yenyewe ilikuwa kesho yake.

"Nikishindwa, Bibi, nabeba begi, tunarudi wote, naenda kushona. Nikishinda, wewe ndiye utamwambia baba."

"Mimi nimetumwa kukuchukua, sikutumwa kuleta maneno."

"Basi ningoje mpaka kesho jioni."

Nikamkubalia. Ningefanyaje? Mgongo wenyewe ulikuwa umevunjika kwa lile lori.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala kama uji uliopoa. Mchana upepo ukaanza, bendera za kambi zikawa zinapiga makofi. Mwalimu akanieleza jaribio. Mbali majini kulikuwa na dumu la njano lililofungwa jiwe ili lisiondoke. Mjukuu wangu aende mpaka pale, alizunguke, arudi, na mtu yeyote asimguse. Kilichobaki mwalimu aliniambia haraka haraka, na mimi nilikuwa natazama maji, sikukisikia vizuri. Hapo ndipo nilipoharibu.

Alisukuma ubao, akarukia juu, akavuta tanga. Nilidhani ataondoka polepole kama mtu anayepanda baiskeli kwa mara ya kwanza. Wapi! Alikwenda kama mshale uliofyatuliwa kwenye upinde. Magoti yamekunjwa kidogo, kichwa kimetulia, macho mbele. Nilikijua kile kichwa. Mimi ndiye niliyekifundisha kutulia, akiwa na miaka sita, akipanda kutoka kisimani na ndoo, na akimwaga anarudi kuteka upya. Nikawageukia wapishi nikawaambia, "Mnamwona? Huyo ni wangu." Wakasema wanamjua, wanaosha naye sufuria.

Akafika kwenye dumu. Tanga likaanguka. Na yeye akaanguka nalo. Nikangoja ainuke. Hakuinuka. Nikaona kichwa kidogo juu ya maji, kimelala chali, hakijitikisi.

Nikapiga yowe.

Kwetu yowe si kelele tu. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha chungu motoni, unakimbia na ulichoshika. Asiyekwenda anaulizwa mbele ya watu alikuwa wapi. Na mimi kwa yowe najulikana tangu usichana, nikipiga Keza wanageuka hadi watu wa kijiji cha Ntobeye. Pembeni mwa kambi kuna wavuvi, wengi wao Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe zao kisha wakaonja ziwa. Kihangaza chetu hawakijui, lakini yowe halina lugha. Mitumbwi miwili ilikuwa majini kabla sijavuta pumzi ya pili. Mwalimu alikuwa anapunga mikono, "Rudini! Hajazama! Rudini!" Nani amsikilize mtu anayesema rudini wakati mama analia?

Nilimsikia mjukuu wangu mpaka ufukweni. "Msiniguse! Jamani msiniguse!" Mmoja akamshika jaketi okozi, mwingine akamshika mguu, wakamtupa mtumbwini kama sangara. Akaletwa amekaa juu ya nyavu, ubao ukivutwa nyuma.

Kumbe ndicho kile ambacho sikukisikia. Akifika kwenye dumu alitakiwa aanguke makusudi, alale chali majini, aweke miguu juu ya ubao, ainue tanga kidogo, angoje upepo wenyewe umnyanyue. Mtu asiyeweza hilo hawezi kukabidhiwa wageni. Alikuwa amelala akingoja upepo, na bibi yake akamletea mitumbwi.

"Ameguswa," mwalimu akasema. "Haihesabiki."

Mjukuu wangu hakulia. Aliniangalia tu, maji yanamtiririka puani. "Bibi, umenimaliza."

Mzee wa wavuvi akaja juu. "Mama, yuko wapi mwizi? Maiti iko wapi? Huko kwetu ukipiga yowe la bure unatoa ng'ombe."

"Sina ng'ombe. Nina ndizi."

"Ndizi za kupika au mbivu?"

"Za kupika."

Akakuna kidevu. "Tutazungumza."

Nikamwendea mwalimu. Nilikuwa nimekuja kumtoa yule binti mle majini, na sasa nilikuwa nimemtoa kweli, bila kushindana na mtu. Ningeweza kukaa kimya, kesho tukapanda bodaboda. Lakini nilikuwa nimekiona kile kichwa kimetulia. Nikasema, "Baba, kosa ni la mdomo wangu. Yeye hakukosea. Mrudishe majini."

Akatazama ziwa. Upepo ulikuwa umekua, mawimbi yametoa povu jeupe. "Amechoka, Bibi. Na saa hizi si kama mwanzo. Siwezi kumlazimisha."

"Naenda," mjukuu wangu akasema. Alikuwa ameshashika ubao. Nilitaka kuingia jikoni nisione, akanizuia. "Kaa hapa hapa. Niangalie. Ila ukifungua mdomo, Bibi, sitakusamehe."

Nikakaa mchangani. Wavuvi nao wakakaa, nani angeondoka? Nikauma kitenge changu.

Safari hii hakwenda kama mshale. Alikwenda akipigwa. Ubao unaruka wimbi, unaanguka kwa kishindo, yeye anachuchumaa, ananing'inia nyuma mpaka mgongo unagusa maji, anainuka tena. Mara mbili nilidhani tanga limemponyoka. Alipokaribia dumu, wimbi likampiga kwa upande, akaanguka kweli, si kwa makusudi, na tanga likamfunika.

Sikuona kichwa.

Yowe lilipanda. Lilifika hapa, kooni, nikalirudisha na kitenge. Mzee wa wavuvi akasimama, vijana wake wakasimama. Nikamdaka shati. "Kaeni!"

"Mama, huyo amefunikwa!"

"Nimesema kaeni. Asiguswe."

Sijui niliyatoa wapi maneno hayo. Shati lilichanika begani, na sikuliachia. Mwalimu alikuwa ameingia majini mpaka magotini.

Kikatokea kichwa, upande wa pili wa tanga. Kikakohoa. Akageuza ubao taratibu, kama mtu anayegeuza ng'ombe mkaidi, akalala chali, akapandisha kisigino kimoja, kisha cha pili. Akangoja. Upepo ukapita. Akangoja tena. Ukaja mwingine, tanga likajaa, nikamwona mjukuu wangu anatoka ndani ya ziwa amesimama, hakuna mkono wa mtu uliomshika.

Alirudi kwa kasi ambayo hata yeye hakuweza kuizuia. Ubao ukakwama mchangani, yeye akaruka, akatua kifua mbele kwenye turubai la dagaa wa yule mzee. Akainuka na dagaa mashavuni.

"Amefaulu?" nikamuuliza mwalimu.

"Amefaulu, Bibi. Hata wageni wangu waliocheza miaka mitatu wangeyaogopa maji yale."

Siku ile mtandao ulishika juu ya kichuguu tu. Nikapanda, nikampigia mwanangu.

"Mama, mnafika lini?"

"Nafika Alhamisi. Peke yangu."

"Mama! Nilikutuma."

"Nimefika, nimeona. Wewe hujaona. Huyo fundi atafute mtoto mwingine."

Akauliza, polepole, hicho kitu anachosimama juu yake kinashikwaje ili upepo usikipindue. Mimi sikujua. Nikamwita mjukuu wangu apande kichuguu, nikampa simu amweleze baba yake mwenyewe.