Perege Niliowaacha Juani

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kiangazi ambayo naikumbuka kila ninapomwona mtu amebeba ndoano. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, mbishi, na nilipenda sifa kupita kiasi. Lambo letu la Ngulyati lilikuwa limekauka pembeni, ng'ombe wanakanyaga tope kwenda kunywa, na perege wote wamejazana kwenye maji machache yaliyobaki katikati.

Wazee walikubaliana tuvue kwa ndoano tu, na samaki wadogo na wenye mayai warudishwe palepale. Hao ndio walikuwa mbegu ya kijiji kizima mpaka mvua ije. Baba mkubwa Masunga, kaka wa baba yangu, ndiye aliyesimamia lambo, na siku hiyo aliniachia mimi zamu ya kusimamia. "Nimewaambia wenzangu unaweza," alisema. "Usiniaibishe."

Basi nikajifanya mjanja. Nikawaza, nikiwarudisha mmoja mmoja, nani atajua? Nikawatia kwenye ndoo, majike wenye mayai na wadogo wote walionaswa asubuhi hiyo, nikaiweka juani nikimsubiri Baba mkubwa aje aone kwa macho yake jinsi ninavyofuata sheria. Alikuja saa sita, jua la utosini. Nikaimwaga ndoo lamboni mbele yake, kifua mbele. Wachache walizunguka kidogo. Halafu wote wakageuka matumbo juu.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliushika mkono wangu akauchovya kwenye maji yaliyobaki chini ya ndoo. Yalikuwa ya moto kama ya kuoga.

"Bora ungewala," akasema. "Hawa umewaua bure, halafu ulitaka nikusifu."

Nililia, sikufichi, na umri ule. Zamu sikupewa tena. Mwaka uliofuata perege walikuwa haba, na kila mtu aliyetoka lamboni mikono mitupu nilihisi ananitazama mimi. Pengine hata hakunitazama.

Sasa nisikilize, maana hili nalijua vizuri. Wakati wa joto vua alfajiri, maji yakiwa bado baridi. Jua likianza kukuchoma shingo, kunja mshipi wa ndoano yako urudi nyumbani, hata kama hujapata kitu. Ukipata wa kurudisha, lowanisha mikono kwanza, mtoe ndoano akiwa majini, kisha mshike taratibu mpaka ajiondoe mwenyewe kwa nguvu zake. Simu iache mfukoni. Najua mnapenda picha, lakini wewe ukitafuta pozi, mwenzio anakata roho. Na usingoje mtu aje kukuona ukitenda wema, kwa sababu mimi nilingoja, na kungoja kwangu ndiko kulikowaua.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu, na wajukuu zako wavue hapahapa tulipovua sisi.